Tarakilishi Iliyoingiwa na Virusi Haipanguswi, Huundwa Upya

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena wahenga, na ni vigumu kupata mahali ambapo methali hii imesadifu hali halisi kuliko katika maabara za tarakilishi za shule zetu. Adui anayezitesa mashine hizo haji na nyundo wala panga. Hujibanza ndani ya programu zile zile tunazozitumia kuandika mitihani, kujumlisha alama na kufundishia Somo la Kompyuta. Mwalimu anapoifungua programu, humfungulia adui mlango. Fundi anapoitwa kuja kumfukuza, aghalabu huondoka na ujira wake mfukoni, naye adui amebaki pale pale. Baada ya wiki mbili mashine huanza tena kusuasua, fundi huitwa tena, na shule hulipa tena.

Hoja yangu ni nyepesi kueleweka, ijapokuwa huenda ikawaudhi baadhi ya watu. Tarakilishi iliyovamiwa na kirusi cha kuambukiza faili haifai kupanguswa-panguswa. Kinachofaa ni kuziokoa kazi za watu zilizomo, kisha kuifuta mashine kabisa na kuiunda upya kwa kutumia nakala safi za programu. Njia nyingine zote ni sawa na kuupaka rangi mlango ulioliwa na mchwa.

Kabla ya kuitetea hoja hiyo, sharti tuelewane kuhusu tunachokizungumzia. Wengi wetu hutumia neno virusi kwa kila balaa linaloikumba tarakilishi. Yapo mabalaa madogo. Kuna programu hasidi inayosimama peke yake kama faili moja, nayo ikishafutwa pamoja na vichocheo vyake, shughuli imekwisha. Kuna nyingine ambayo huficha folda zilizomo katika flashi na kuweka njia za mkato badala yake. Mwanafunzi akiona hivyo hudhani kazi yake imepotea, akaikimbilia amri ya kufuta flashi nzima, ilhali kazi ingalipo, imefichwa tu.

Kirusi cha kuambukiza faili ni namna nyingine kabisa. Hakikai kando ya programu zako, bali huingia ndani yake. Hutafuta faili ya programu isiyo na hatia, hupachika humo maagizo yake, kisha huugeuza mwanzo wa programu hiyo ili maagizo ya kirusi yatekelezwe kabla ya yale ya mwenyewe. Mtumiaji haoni tofauti yoyote. Programu hufunguka kama kawaida, lakini tayari kirusi kimekwisha kuingia katika kumbukumbu ya mashine na kuanza kusaka faili nyingine. Moja huwa kumi, na kumi huwa mia. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Historia ya jambo hili ina mafunzo ambayo hatuna budi kuyazingatia. Mwaka wa 1983, Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, alifanya majaribio ya programu ya aina hiyo, na mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virusi. Cohen alithibitisha pia, kwa hoja za kimantiki, kwamba haiwezekani kuunda programu itakayotambua kila kirusi bila ya kukosea. Walimu wa hisabati wanaujua uzito wa neno kuthibitisha. Maana yake ni kwamba udhaifu wa programu za kinga hautokani na uzembe wa watengenezaji peke yake. Upo katika asili ya jambo lenyewe.

Mnamo 1987 kiligunduliwa kirusi kilichopewa jina la mji wa Jerusalem. Kiliambukiza faili za programu katika mfumo wa DOS, na kila Ijumaa iliyoangukia tarehe 13 kilifuta programu zilizofunguliwa siku hiyo. Kilikuwa na kasoro moja: baadhi ya faili kiliziambukiza tena na tena, pasipo kutambua kwamba kilikwisha kuziingia, zikanenepa mpaka zikashindwa kufunguka. Kasoro hiyo iliwafaa watu kwa kuwa ilikifichua. Virusi vilivyofuata havikuwa wazembe kiasi hicho.

Mwaka wa 1989 kilizuka kirusi kutoka Bulgaria, kazi ya mtu aliyejiita Dark Avenger. Hicho hakikusubiri programu iendeshwe. Ilitosha faili ya programu kufunguliwa kwa kusomwa tu, nayo ikaambukizwa papo hapo. Fikiria basi, ndugu msomaji, mtu anayewasha programu ya kukagua virusi ambayo haikitambui kirusi hicho, huku kirusi kimekwisha kutulia katika kumbukumbu ya mashine. Programu hiyo hupitia faili moja baada ya nyingine ili kuikagua, na kila inayoguswa huambukizwa. Ni kama mganga anayezunguka kijijini nyumba kwa nyumba akiwapima watu, kumbe ugonjwa ameubeba yeye mwenyewe katika mkoba wake. Funzo la miaka hiyo halijachakaa: usiitibu mashine ukiwa ndani ya mashine hiyo hiyo iliyo mgonjwa.

Tuje sasa kwenye virusi vilivyofuata. Sality, kilichoonekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 2003 na kufanyiwa mageuzi na waundaji wake kwa miaka mingi, huambukiza faili za Windows zenye viambishi EXE na SCR. Hubadilisha sura yake kutoka faili moja hadi nyingine, hivyo kwamba mkaguzi hana alama moja ya kudumu ya kuitafuta. Huzizima programu za kinga. Matoleo yake kadhaa humfungia fundi njia anazozitegemea: humzuia kufungua Task Manager, humzuia kuhariri sajili ya Windows, na hufuta vipengele vinavyoiwezesha mashine kuwaka katika hali salama. Hujinakili pia katika flashi na kuacha humo faili ya maagizo ya kukifungua chenyewe flashi inapochomekwa. Ni kweli kwamba mnamo Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza rekebisho la kuzuia flashi kujifungua kwa namna hiyo katika matoleo ya zamani ya Windows, lakini rekebisho husaidia tu mashine iliyolipokea.

Kuna pia Virut, kilichotokea mwaka wa 2006, na Ramnit, kilichotokea mwaka wa 2010. Hivi viwili haviishii kwenye programu. Huingia hata katika kurasa za HTML zilizohifadhiwa kwenye diski. Mnamo Januari 2013 shirika la NASK la Poland lilitwaa anwani za mtandao zilizotumiwa kukiongoza Virut, na Februari 2015 polisi wa Ulaya, Europol, waliongoza operesheni dhidi ya mitambo iliyokiongoza Ramnit. Ushindi huo ulipunguza nguvu za wahalifu, walakini haukuitakasa hata faili moja iliyokuwa imekwisha kuambukizwa. Kirusi kilichofiwa na bwana wake huendelea kuambukiza. Flashi iliyosahauliwa katika saraka ya meza tangu miaka hiyo yaweza kuchomekwa leo katika mashine isiyo na kinga na kuanzisha msiba upya.

Kwa nini basi nasema kupangusa hakufai? Sababu ni tatu.

Ya kwanza nimekwisha kuidokeza. Programu ya kinga ni programu kama nyingine. Ikiendeshwa ndani ya mfumo uliokwisha kutekwa, hutegemea taarifa za mfumo huo huo, nao waweza kuidanganya, kuizima au hata kuiambukiza. Hakimu aliyetekwa nyara hawezi kutoa hukumu dhidi ya waliomteka.

Ya pili ni kwamba kukitoa kirusi si sawa na kuirudisha programu ilivyokuwa. Kirusi kilipoingia kilihamisha na kufunika sehemu za programu asilia. Kinapong'olewa, mara nyingine jeraha hubaki: programu hukataa kufunguka, au hufunguka na kukwama katikati ya kazi. Kuna faili zilizoambukizwa vibaya hata hakuna namna ya kujua zilikuwaje mwanzoni. Ndipo utasikia mwalimu akilalamika kwamba tarakilishi imesafishwa lakini si ile ya zamani.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Katika mashine moja mna maelfu ya faili za programu. Msafishaji akizitakasa zote na kuiacha moja, hajafanya kitu, kwani hiyo moja itazirudia zote. Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Fundi hufuta sehemu ya diski iitwayo C, akaweka Windows mpya, akajipongeza. Kisha hufungua sehemu ya D, ambako shule imehifadhi programu zake za kuwekea programu nyingine, akaifungua mojawapo ili aweke kichapishi. Faili hiyo ilikuwa imeambukizwa siku nyingi. Kabla hajamaliza kunywa chai aliyoandaliwa, Windows yake mpya imekwisha kuingiwa. Baadaye watu husema kirusi hicho ni sugu, hakifi hata mashine ikifutwa. La hasha! Kirusi hakikufufuka. Kilikaribishwa.

Swali la kujiuliza, kwa hivyo, ni hili: tunataka kuokoa nini hasa? Programu zina wenyewe waliozitengeneza, na nakala zake safi hupatikana. Ila mtahiniwa wa Somo la Kompyuta katika KCSE aliyeshughulikia mradi wake kwa miezi kadhaa hana mahali pengine pa kuupata ukipotea. Alama za kidato kizima, rekodi za karo, maandalio ya masomo, michezo ya kuigiza iliyoandikwa na wanafunzi kwa ajili ya tamasha, hizo ndizo mali. Habari njema ni kwamba virusi niliyvyovitaja huambukiza hasa programu na kurasa za HTML. Insha, majedwali ya alama na picha kwa kawaida havivigusi. Mali na uchafu vinaweza kutenganishwa.

Utaratibu wenyewe hauhitaji shahada ya uzamili. Kwanza, tenga. Ng'oa nyaya za mtandao katika maabara nzima na uzime mtandao usio na waya, kwa sababu kirusi huweza kupitia folda zinazotumiwa kwa pamoja na kuhamia mashine jirani. Kusanya pia flashi zote, za walimu na za wanafunzi, bila ya kumwonea haya yeyote.

Pili, iwashe mashine kutoka nje yake. Tafuta tarakilishi iliyo safi mahali pengine, na huko uandae CD au flashi yenye mfumo wa Linux uwezao kuwaka bila ya kuwekwa kwenye diski kuu. Mashine ikiwashwa kwa njia hiyo, Windows iliyoambukizwa haiamki, na kirusi kilichomo huwa maandishi matupu, mithili ya mbegu ghalani.

Tatu, nakili kazi na kazi tu. Chukua hati, majedwali, hifadhidata na picha. Usichukue faili yoyote ya EXE, SCR wala DLL, usichukue kurasa za HTML, na usichukue vifurushi vilivyobanwa vyenye programu ndani yake, hata kama mtu atakusihi kwamba humo mna mchezo wake aupendao.

Nne, futa diski kuu nzima, C na D na nyingine zote. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ukiihurumia sehemu moja kwa sababu ina filamu na nyimbo, umekitunzia kirusi kitalu chake.

Tano, weka mfumo mpya kutoka kwa chanzo kinachoaminika, yaani CD halisi au nakala iliyopakuliwa kutoka kwa mtengenezaji kwa kutumia mashine safi. Kisha weka marekebisho ya usalama na programu ya kinga kabla ya jambo jingine lolote. Rudisha kazi baada ya kuzikagua, na ukifungua hati usiruhusu makro, kwani wapo virusi wa jamii tofauti waliosafiri ndani ya hati zenyewe, kama vile Concept mwaka wa 1995 na Melissa mwaka wa 1999. Flashi zitendewe vivyo hivyo: kazi zitolewe kwa kupitia Linux, flashi zifutwe, kisha kazi zirudishwe. Na mashine hata moja isiunganishwe tena na wenzake hadi ya mwisho iwe imekamilika. Hatimaye, nywila zote zilizowahi kuandikwa katika mashine hizo zibadilishwe, kwa sababu baadhi ya virusi hivi huiba siri pia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mwalimu mkuu atasema kazi hii ni ndefu na itafunga maabara kwa siku kadhaa. Ni kweli. Lakini na apige hesabu ya siku ambazo maabara imelala muhula baada ya muhula, na malipo ya mafundi waliokuja kupangusa. Bandu bandu huisha gogo. Siku chache za kufunga maabara mara moja ni nafuu kuliko mwaka mzima wa mashine nusu mahututi.

Mwingine atasema programu yake ya kinga imemwandikia kwamba virusi vyote vimeondolewa. Huyo namkumbusha alichothibitisha Cohen. Programu ya kinga ina kazi kubwa, nayo ni kumzuia adui asiingie na kupiga yowe akikaribia. Ni mlinzi bora wa langoni. Adui akiisha kulala ndani ya kila chumba, si haki kumtarajia mlinzi yule yule aijenge nyumba upya.

Wa tatu atauliza shule maskini itapata wapi nakala halisi za programu. Hili ndilo pingamizi lenye uzito, na halifai kupuuzwa. Hata hivyo, umaskini huo ndio unaotuingiza mtegoni. Programu za wizi huja pamoja na vifaa vidogo vya kuvunjia kufuli zake, na vifaa hivyo ni faili za EXE zisizo na mwenyewe, ambazo mtumiaji huambiwa azime kinga kwanza ndipo azifungue. Asiyekuwa na mwaliko hawezi kupata mlango mpana kuliko huo! Kwa shule isiyo na fedha, mfumo wa Linux pamoja na programu zake za uandishi na majedwali hupatikana bila malipo na kwa njia halali, na virusi vilivyotungwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida havina pa kushika humo. Mashine kuukuu nazo zina sababu ya ziada ya kufikiriwa, kwani Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 7 kwa marekebisho ya kawaida Januari 2020, na Windows 10 Oktoba 2025.

Lawama zetu pia zina walakini. Maabara ikivamiwa, anayetafutwa ni mwanafunzi aliyeleta flashi. Yamkini ndiye, lakini flashi hiyo huenda aliitia uchafu katika duka la kuchapishia alikotumwa na mwalimu, au katika tarakilishi ya ofisi ya shule. Ukimwadhibu, wenzake watajifunza kuficha, na ugonjwa unaofichwa ndio unaoua wengi. Afadhali kanuni iliyo wazi: pawe na mashine moja mlangoni, isiyounganishwa na nyingine, ambamo kila flashi hukaguliwa kabla ya kuingia, iwe ya mwanafunzi au ya mwalimu mkuu mwenyewe.

Juu ya yote hayo, pawe na nakala za akiba. Kazi isiyo na nakala ya pili ni kazi inayongoja kupotea, kwa kirusi, kwa umeme, au kwa mwizi. Kila Ijumaa, alama na miradi inakiliwe mahali pawili, na nakala moja ikae nje ya maabara, ikiwa imechomolewa kutoka kwa mashine yoyote. Nakala iliyochomekwa mchana na usiku si akiba, kwa maana kirusi kitaifikia kama kinavyozifikia faili nyingine. Shule yenye nakala za namna hiyo haina sababu ya kuogopa kufuta diski. Hofu ya kufuta, ndiyo inayotufanya tupanguse badala ya kutibu, huzaliwa na ukosefu wa nakala.

Walimu wa Somo la Kompyuta wana nafasi ambayo wenzao hawana. Mada ya usalama wa data imo katika somo lao, na mara nyingi hufundishwa kwa kukariri fasili ubaoni. Siku maabara itakapovamiwa, wasiifunge na kumsubiri fundi. Wawaite wanafunzi, wawagawe katika makundi, kundi moja liandae CD safi, jingine liorodheshe kazi za kuokolewa, la tatu lishughulikie flashi. Mwanafunzi aliyeshiriki kuiunda mashine upya kwa mikono yake hatahitaji kukaririshwa tofauti baina ya programu na data, wala hatadanganywa kwa urahisi na yeyote amwambiaye kwamba virusi vimekwisha.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Kazi yako ni yako, na ulinzi wake huanza kwako. Leo hii, kabla ya kengele ya mwisho kulia, iweke nakala yake mahali pa pili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa mradi wa miezi sita hauwezi kujengwa katika juma la mwisho kabla ya mtihani.